Miyenzi ya Kamugezi

Goma haina mito. Mvua inanyesha, mawe meusi ya volcano yanaimeza, na kabla nguo hazijakauka kwenye kamba unaona vumbi tena. Ndiyo maana watu wengi wa muji huu hawaamini nikiwaambia kwamba juu ya mutaa wa Kituku, nyuma ya nyumba za wavuvi, kuna kijito. Kinatoka chini ya mawe, kinashuka kati ya majani, na kinaingia ziwani pale wanawake wanapofulia. Tunakiita Kamugezi. Ukitembea kandokando yake kutoka kwenye chemchemi mpaka ziwani, polepole, unamaliza mafungu matano ya rozari. Ni mimi niliyekipima hivyo, kwa sababu sina kipimo kingine.

Jina langu ni Apolline. Nilizaliwa kwenye milima ya Masisi, nikasoma mpaka mwaka wa sita wa primaire, nikaolewa na Anastase. Tulipokimbia vita ya kwanza, Anastase alibaki kule, kwenye udongo, na mimi nikaendelea. Tangu hapo nimehama mara nne: mara mbili kwa sababu ya bunduki, mara moja kwa sababu ya volcano, na mara moja kwa sababu mwenye nyumba alioza kijana wake akahitaji chumba. Sisemi hivyo ili munihurumie. Nasema ili mujue nilikuwa mutu wa namna gani siku Florent alipokuja na karatasi yake.

Lakini nianze na njia.

Wazo lilikuwa la Papa Barthélemy, agronome muzee, bwana shamba aliyekuwa ameacha kazi ya serikali, au serikali ilikuwa imemuacha, sijui. Yeye ni mutu wa Lubero, si wa milima yetu. Alikuwa anazunguka Kamugezi kila asubuhi na fimbo yake, na kila asubuhi anarudi na uso mubaya. Watu walikuwa wanalima maharagwe mpaka kwenye ukingo wa maji. Miti ilikuwa imekatwa kwa makala ya kupikia. Kila mvua kubwa ukingo unaanguka kidogo, na maji yanashuka ziwani yakiwa na rangi ya chai ya maziwa. Na wanunuzi wa ardhi walikuwa wameanza kupita, wakisimama na kunyoosha vidole.

Jumamosi moja alikuja kwenye shirika letu, jumuiya ya sala ya mutaa, tukiwa tumemaliza kusali.

"Tutengeneze njia," akasema. "Njia ya kutembea tu. Tuache mita kumi kila upande bila jembe, turudishe miti. Watu wapite, wapumzike, watoto wacheze. Mahali watu wamezoea kupita, mwenye kuuza anaona haya."

"Hiyo njia inafika wapi?" akauliza Sidonie. Sidonie ni rafiki yangu, anauza sambaza kavu, dagaa wa ziwa letu, na kinywa chake hakijui likizo.

"Inafika ziwani."

"Halafu?"

"Halafu unarudi."

Wanawake wakacheka, wengine wakajifunika uso na kitenge. "Papa," Sidonie akasema, "mutu atoke nyumbani, hajabeba kitu, aende ziwani, asinunue kitu, arudi? Watamufunga kamba huyo. Watasema akili imemuacha."

Muzee hakukasirika. "Mama Sidonie, ninyi watu wa Goma munajua kukimbia. Kutembea hamujui. Nataka tujifunze kabla sijafa."

Kicheko kikaisha. Mimi nilikuwa nimeanza kuhesabu njia zote nilizopita tangu nilipokuwa mutoto, ya shuleni, ya shambani, ya Sake, ya Minova, na katika kila moja nilikuwa na kitu kichwani au mutoto mugongoni. Hata moja niliyopita mikono mitupu sikuikumbuka. Nikainua mukono, nikasema nitakuja.

Tulifanya kazi Jumamosi za mwaka mzima. Tulivunja mawe, tukabeba changarawe na mabeseni, tukasawazisha. Papa Barthélemy alitaka mahali pa kukaa, na mimi nikamwonyesha pa kuweka: kila fungu la rozari linapoisha, jiwe moja pana. Mawe matano. Tukapanda miti ya grevilea na mivumu kwenye zile mita kumi. Waliokuwa wanalima pale walinung'unika, lakini muzee alikwenda nyumba kwa nyumba, akawatafutia sehemu ya kulima kwenye shamba la parokia, na wakatoka bila kesi.

Wasiotoka ni mbuzi wa Papa Havugimana. Mbuzi hao hawakujua kwaresima. Walikula grevilea zote za upande wa juu, tukapanda tena, wakala tena. Ndipo mimi nikasema, tupande miyenzi.

Kila mwanamuke wa milima anajua miyenzi. Unakata tawi, unalichomeka chini, hata ukilipindua kichwa chini litashika. Ukilivunja linatoa maziwa meupe, na maziwa hayo yakiingia jichoni utalia siku mbili. Mbuzi anayanusa na kwenda zake.

"Vizuri," Papa Barthélemy akasema. "Lakini muache wazi juu na chini. Njia ni kitu cha wazi."

Tukapanda mistari miwili, mumoja kila upande. Ikashika yote. Lakini mbuzi wakapata akili, wakawa wanaingia kutoka juu, kwenye chemchemi. Wakati huo muzee alikuwa amekwenda Butembo kwa binti yake kutibiwa miguu, na nyuma yake vita ikafunga barabara. Hakurudi. Alikuwa anatuma salamu kwa simu, akiuliza miti, si watu.

Basi Jumatatu moja nilikuta mivumu mitatu imetafunwa, nikachoka, nikachukua panga. Peke yangu. Nilizungusha miyenzi juu ya chemchemi, nikashuka nayo, nikaziba njia kwenye jiwe la kwanza kwa mustari mwingine, nikaacha nafasi ya kupita mutu mumoja, ikitazama chini kwenye ziwa. Hapo nikaweka fito mbili za kufungia. Kisha nikachukua ufagio nikafagia ndani. Nilipomaliza nilisimama nikaona kazi ni nzuri. Mikono yangu ilikuwa imefanya jambo lile ambalo mama yangu alilifanya, na mama yake, na mimi sikuiuliza inafanya nini.

Mbuzi hawakuingia tena. Nikamushukuru Mungu.

Miezi ikapita. Vita ikasogea mpaka Sake, na watu wa Masisi wakashuka. Muliowaona hamuhitaji niwaeleze. Godoro kichwani, kuku mukononi, muzee kwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao. Nyuma ya shule ya mutaa wetu kukajaa mahema ya mabache meupe. Nilikuwa napeleka uji kwa zamu ya shirika letu, na nilikuwa nasema moyoni, angalau hawa wako karibu na maji masafi.

Kwenye njia, watoto wa Kituku walikuwa wanaruka zile fito na kucheza ndani. Siku ya Mungu, baada ya misa, wachumba walikaa kwenye jiwe la tatu na kujifanya wanatazama ndege. Hata Sidonie alikuwa anatembea, akisema ni kwa sababu ya goti lake.

Ndipo Florent akaja. Florent ni commissionnaire, kazi yake ni kutafutia watu parcelle, kiwanja cha kujenga, na kuzitafutia parcelle watu. Alikuja nyumbani kwangu asubuhi, bahasha kwapani, pamoja na Papa Valentin, chef wa avenue yetu, kiongozi wa mutaa, ambaye ni mutu mupole na anaogopa kila mutu mwenye bahasha.

"Mama Apolline," Florent akasema, "umejificha na mali namna hii?"

"Mali gani?"

"Ile rugo yako pale juu ya maji."

Nikamwambia kwamba sina rugo, sina boma lolote, mimi napanga chumba, aangalie mwenyewe kitanda na jiko vinavyosalimiana. Akacheka.

"Mama, nimeuliza watu kumi. Ni nani alizungusha miyenzi? Mama Apolline. Ni nani aliacha mulango? Mama Apolline. Ni nani anafagia? Mama Apolline. Nyumba tu ndiyo inakosa."

Ndipo nikaona. Nikaiona kama mutu anayeona picha iliyokuwa ukutani kwake siku zote. Kwetu, miyenzi inayokwenda mustari ni kuzuia mbuzi. Miyenzi inayozunguka, yenye mulango mumoja, imefagiliwa ndani, hiyo ni rugo, ni kusema hapa pana mwenyewe. Papa Barthélemy wa Lubero hakuijua habari hiyo, lakini bila kujua alisema tuache wazi. Mimi niliyeijua tangu tumboni nikafunga.

"Ilikuwa mbuzi," nikasema.

"Mbuzi hawaandikwi kwenye fiche," Florent akasema, akatoa karatasi. "Sikiliza. Papa Valentin atatia saini kwamba umekaa pale. Mashahidi wako. Unapata fiche parcellaire, hati ya kiwanja, kwa jina lako. Ile ya juu, yenye chemchemi, unabaki nayo, unajenga. Ile ya chini, mpaka ziwani, unamuachia mutu wangu, naye anakujengea vyumba viwili na sebule. Wajane wangapi Goma wanapata hivyo?"

"Na njia?"

"Njia inafika wapi, mama?"

Papa Valentin alikuwa anatazama viatu vyake. Nikamuuliza yeye. "Papa, na nikisema si yangu?"

Akajikohoza. "Mama, rugo iliyofungwa na haina mwenyewe, ofisi inatafuta mwenyewe. Siwezi kuizuia. Miyenzi iko pale, kila mutu anaiona."

"Na mutu akiing'oa?"

"Nani atang'oa miyenzi ya mutu mwingine?" akasema. "Hiyo ni kesi ya miaka kumi. Anaweza kuing'oa aliyeipanda, mbele ya watu. Mwingine hapana."

Nikawaambia nitajibu siku ya Mungu, baada ya misa.

Sidonie nilimukuta anachagua sambaza. Nilimweleza yote. Hakuacha kuchagua.

"Chukua," akasema.

"Sidonie."

"Chukua. Umri wako ni gani sasa? Utahamishwa mara ngapi? Mwenye nyumba wako yule ana kijana mwingine anakua, umemuona ndevu? Barthélemy mwenyewe angekuambia chukua. Kijito kitaendelea kushuka, hakitajua nyumba ni ya nani."

"Ukingo utaanguka."

"Na wewe hujaanguka?" Akaweka sambaza chini, akanitazama. "Mimi sikuambii kwa ubaya. Nimechoka kukubebea godoro."

 Alilibeba kweli, mara mbili.

Jumamosi, jua likiwa bado kali, nilikwenda peke yangu. Nilitoa zile fito, nikaingia, nikazirudisha nyuma yangu. Nitasema ukweli, kwa sababu Mungu aliona. Nilipima. Nilipiga hatua kumi na moja kutoka chemchemi mpaka kwenye muvumu, nikasema hapa chumba. Hatua tano, hapa jikoni, moshi utakwenda upande wa ziwa. Hapa maharagwe. Hapa, chini ya muvumu ukishakua, kiti. Nikakaa kwenye jiwe la kwanza, nikashika rozari, na sikusali. Nilisikia maji, nikawaza usingizi wa mutu ambaye hakuna anayeweza kumwambia atoke.

"Wenye rugo, hodi."

Sauti ilitoka nje ya fito. Nikaona mama muzee, ameinama kidogo, bidon ya njano ya kuchotea maji mukononi, kamba ya bidon imezungushwa kwenye kiganja. Alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwenye mulango, kama tulivyofundishwa sote, usisogee mpaka uitwe.

"Karibu, mama," nikasema.

Hakusogea. "Samahani, mama. Sikutaka kukusumbua. Leo tu. Mukwe wangu ndiye anachotaga, lakini ameumia mguu. Nikasema nije niombe mwenyewe."

Alizungumza kwa matamshi ya kwetu. Nikamuuliza anatoka wapi, akataja kilima ambacho kutoka kwa baba yangu unakiona asubuhi ukifungua mulango. Jina lake Mukamugema. Alikuwa anakaa kwenye mabache nyuma ya shule, mwezi wa tano sasa.

"Mukwe wako ameumia wapi?"

"Pale." Akaonyesha kwa kidevu, upande wa mawe makali ya volcano yanayoshuka pembeni mwa njia yetu. "Tunapitia kule sote. Tunashuka kuchota chini, kwenye maji ya wafuaji. Alianguka juzi na bidon mugongoni, jiwe likamufungua hapa." Akagusa mufupa wa mbele wa mguu.

"Lakini njia hii mama. Njia iko hapa. Tuliitengeneza watu wapite."

Alinitazama kama mutu anayetazama mutoto anayesema uongo mudogo. "Mama, hii ni rugo. Tuliiona siku ya kwanza. Tunawezaje kupita ndani ya rugo ya mutu na mabidon yetu, kila siku, wanawake mia? Tumekimbia, lakini hatujawa wanyama. Watoto wa hapa wanaruka, tunawaona. Wetu tunawakataza."

Miezi mitano. Nilikuwa napeleka uji kwao, na narudi kusali kwa ajili yao, na wao wanapanda mawe yale kwa sababu ya kazi ya mikono yangu. Mimi ambaye majirani wananiambia naona hata mbu akihama nyumba. Sikuwaona, kwa sababu walipita mbali, kwa heshima.

"Ni yako?" akauliza. "Ni nzuri. Umefagia vizuri."

Alikuwa anataka tu kunisifu. Lakini lilikuwa lile lile swali la Florent, na huyu hakuwa na bahasha. Nikasema, "Hapana, mama. Ni kosa langu, lakini si yangu." Nikatoa fito zote mbili, nikazitupa majini. Nilichukua bidon yake nikamujazia mimi, na nilimusindikiza nayo mpaka kwenye mabache kwa njia ya chini, akinifuata nyuma na kuomba radhi kila hatua.

Siku ya Mungu, misa ilipoisha, niliomba padri aniachie dakika moja, nikatangaza kwamba naenda kung'oa miyenzi niliyoipanda kwa kukosea, na ninahitaji macho ya watu. Walikuja wengi, wengine kwa ajili ya kazi, wengine kwa ajili ya maneno. Papa Valentin alikuja. Florent alikuja na mutu wake, mwenye miwani myeusi, aliyebaki ndani ya gari. Wanawake wa mabache walisimama juu, kwenye mawe yao.

Niliomba kwanza, Salamu Maria moja, kwa sauti. Kisha nikashika shina la kwanza, pale kwenye mulango.

Miyenzi ya mwaka mumoja na nusu si mchezo. Niliikata kwa panga, nikachimbua muzizi, nikavuta. Maziwa yalinirukia mpaka kwenye viwiko. Watu walitaka kusaidia, nikakataa, kwa sababu mukono mwingine ukigusa inakuwa kesi, na Florent alikuwa anangoja mukono mwingine. Nilipofika shina la saba jasho lilikuwa linashuka, na sikuweza kujipangusa, ningejipofusha. Sidonie akaja mbele yangu na kitenge chake, akanipangusa uso. Akarudi nyuma. Shina la kumi akaja tena.

"Hii tu naruhusiwa?" akamuuliza Papa Valentin.

"Hiyo unaruhusiwa, mama," Papa Valentin akasema, na watu wakacheka kidogo.

Florent alisogea. "Mama Apolline, unajua unachokitupa?"

"Hatua kumi na moja mpaka kwenye muvumu," nikasema. "Tano za jikoni. Nimepima."

 Nadhani hakutegemea jibu hilo. Baadaye akasema kwamba ardhi ya Goma ni ndogo, na mwingine atakuja baada yake, na nikamwambia najua. Gari ikaondoka.

Ilinichukua mpaka saa tisa. Niliacha ile mistari miwili ya pembeni, kwa sababu inashika udongo. Juu na chini pakawa wazi, kama muzee alivyosema. Papa Valentin aliandika kwenye karatasi yake mwenyewe kwamba pale hakuna rugo, pana njia, mashahidi wakaweka vidole. Haiwezi kuzuia kila kitu karatasi ile. Imemuzuia Florent.

Mbuzi wa Papa Havugimana wamerudi. Tunakaa zamu, wanawake wa shirika na wanawake wa mabache, na fimbo. Papa Barthélemy nilimweleza kwa simu, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Mivumu mingapi imeshika?" Nikamwambia sita.

Mwenye nyumba wangu amenipa mpaka Pasaka. Kijana ana ndevu kweli. Sidonie amesema mgongo wake bado una nafasi ya godoro moja.

Jumatatu, asubuhi iliyofuata kung'oa miyenzi, mikono yangu ilikuwa inawaka kwa yale maziwa, nilikwenda kuiweka kwenye maji ya chemchemi. Nikaona wanawake wanakuja kutoka shule na mabidon, mustari murefu, na Mukamugema mbele. Alipofika pale mulango ulipokuwa, akasimama. Hapakuwa na fito, hapakuwa na miyenzi, udongo tu uliochimbuliwa. Akasimama hata hivyo, na nyuma yake wote wakasimama.

"Hodi," akasema.

"Piteni tu," nikasema.

Wakapita. Bidon zikijaa watarudi kwa njia hii hii, zikiwa nzito. Niliwaachia nafasi, nikashuka kuelekea ziwani, mikono mitupu, polepole, kwa sababu nilikuwa nimechoka. Kwenye jiwe la pili nilikaa.